Riwaya Fupi za Kauboi: Raha Yake na Hesabu Yake

Utangulizi

Riwaya fupi ya kauboi haina heshima katika vyumba vya mihadhara. Ni kitabu cha karatasi nyepesi, chenye picha ya farasi na bastola katika jalada, kinachosomwa ndani ya basi au kitandani kabla ya usingizi, kisha kikapewa mtu mwingine bila kudaiwa. Mhakiki akilazimika kukitaja, hukitaja kwa kukipita: hukiweka katika fungu la maandishi ya kupotezea wakati, akaendelea na safari yake. Hukumu hiyo haikosi ukweli. Nyingi ya riwaya hizo ziliandikwa haraka, zikalipwa kwa hesabu ya maneno, na hazikukusudiwa kusomwa mara mbili. Lakini hukumu yenyewe ina upungufu mmoja mkubwa: haielezi kwa nini msomaji aliyekwisha kupitia vitabu vizito, anayejua vyema kwamba dhalimu atashindwa, hukifungua tena kitabu cha namna ile na kukisoma mpaka mwisho kwa furaha.

Makala haya yanaichukua furaha hiyo kuwa jambo la kuhakikiwa, wala si jambo la kuonewa haya. Hoja yake ni kwamba raha ya riwaya fupi ya kauboi ni raha ya fani zaidi kuliko raha ya ushujaa. Kwamba fani hiyo imejengwa juu ya uchache, yaani watu wachache, vitu vichache na maneno machache. Na kwamba uchache huohuo unaomfurahisha msomaji ndio unaoziacha nje habari ambazo bila ya hizo kisa chenyewe kisingetokea. Kwa sababu hiyo mhakiki asiyeikiri raha hataweza kulipata kosa mahali lilipo. Riwaya mbili ndizo zitakazotegemewa hasa: *Shane* ya Jack Schaefer, iliyotoka kama kitabu mwaka 1949, na *Hombre* ya Elmore Leonard, iliyotoka mwaka 1961.

Chanzo cha Umbo Hili

Ufupi wa riwaya hizi haukuanza kwa uamuzi wa kisanaa, ulianza sokoni. Mwaka 1860 kampuni ya Beadle ya New York ilitoa *Malaeska*, kisa cha Ann S. Stephens, kikiwa cha kwanza katika mfululizo wa vijitabu vilivyouzwa kwa senti 10 kila kimoja. Vilikuwa vijitabu vya kuingia mfukoni, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, askari walivibeba kambini. Baadaye kazi hiyo ilirithiwa na majarida ya hadithi yaliyochapwa kwa karatasi duni. *Shane* yenyewe ilianza kutolewa kwa mafungu katika jarida la *Argosy* mwaka 1946.

Kati ya vijitabu vya mwanzo na *Shane* palipita watunzi walioupa utanzu huu sura inayojulikana leo. Owen Wister, katika *The Virginian* ya mwaka 1902, alimwinua mchunga ng'ombe wa Wyoming akamfanya muungwana asiyehitaji kusoma chuo. Zane Grey, aliyekuwa daktari wa meno, alitoa *Riders of the Purple Sage* mwaka 1912, akaifanya mandhari kuwa mhusika: majabali na mabonde yake yana hasira na huruma kuliko baadhi ya watu wake. Frederick Faust, maarufu kwa jina la Max Brand, aliandika kwa wingi usiopata kulinganishwa kirahisi, mpaka alipouawa Italia mwaka 1944 akiwa mwandishi wa habari za vita. Louis L'Amour alijipatia jina kwa *Hondo* mwaka 1953. Riwaya za Wister na Grey bado ni ndefu, zina hotuba nyingi na maelezo marefu ya machweo. Waliowafuata walikata, wakakata tena, mpaka wakabaki na mfupa.

Jambo moja katika historia hiyo linastahili kuzingatiwa. Wengi wa watunzi hao hawakuwa watu wa nchi waliyoisimulia. Mjerumani Karl May alikwisha kuwafanya vijana wa kwao wampende Winnetou, chifu wa Waapache, kabla hajafika Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1908. Mhispania Marcial Lafuente Estefanía, aliyefungwa gerezani baada ya vita vya Hispania vya 1936 hadi 1939, aliandika vijitabu vya kauboi zaidi ya 2,000 kwa Kihispania, akavilisha vibanda vya magazeti vya nchi yake. Schaefer alizaliwa Cleveland, katika jimbo la Ohio, na alipoiandika *Shane* alikuwa hajapata kufika Wyoming. Kwa hiyo nchi ya kauboi, kwa msomaji wake, inafanana na Baghdadi ya *Alfu Lela Ulela*: wapo wengi walioisimulia vizuri bila ya kuiona, kwa kuwa kilichohitajika ni kuzijua kanuni za nchi hiyo ya hadithi.

Katika historia, kipindi chenyewe kilikuwa kifupi. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwisho wa vita vya Marekani mwaka 1865 hadi mwaka 1890, mwaka ambao hesabu ya watu iliwaonyesha maofisa wake kwamba haukuwapo tena mstari wa mpaka kati ya nchi iliyokaliwa na walowezi na nchi wasiyoikalia. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mkulima kudai ekari 160. Hataza ya seng'enge ya Joseph Glidden, ya mwaka 1874, ilimpa njia rahisi ya kuzizungushia ekari hizo ua. Tajiri wa ng'ombe aliyezoea malisho yasiyo na mipaka akajikuta anapambana na waya. Mgongano huu mmoja umezaa mamia ya riwaya, *Shane* ikiwamo.

Raha ya Uchache

Kisa cha *Shane* kinasimuliwa na Bob Starrett, aliyekuwa mtoto wakati wa matukio hayo. Ni kiangazi cha mwaka 1889. Mtoto ameketi juu ya ua wa zizi, anamwona mpanda farasi akitokea mbali. Mtu huyo anafika panapogawanyika njia: moja inavuka mto kuelekea kwa Fletcher, mwenye ng'ombe wengi, nyingine inakwenda kwenye mashamba ya wakulima wadogo. Anasita kidogo, kisha anaishika njia ya wakulima. Anapofika anaomba maji.

Ni vigumu kupata ufunguzi wenye vitu vichache kuliko huu. Msomaji amepewa mtu mmoja, farasi mmoja, njia mbili na maji. Hakuelezwa mgeni ametoka wapi, wala hataelezwa kamwe. Lakini kutokana na vitu hivyo ameelewa mambo yote ya lazima: kwamba bonde limegawanyika, kwamba mgeni ana hiari, na kwamba hiari yake itakuwa na bei. Mtunzi wa riwaya ndefu angetumia sura tatu kuueleza mgogoro wa ardhi. Schaefer anautia katika mguu wa farasi.

Hii ndiyo raha ya kwanza: raha ya kuona kila kitu kikifanya kazi. Katika riwaya fupi ya kauboi kamba iliyotajwa itafunga kitu, na kisima kilichotajwa kitanyweka au kitakauka. Msomaji hujifunza upesi kuviamini vitu hivi, na imani hiyo humpa utulivu ambao maisha ya kila siku, yenye vitu vingi visivyo na maana, hayampi.

Raha ya pili ni raha ya kazi. Wanaozidharau riwaya hizi hudhani kwamba kiini chake ni bastola. Ukweli ni kwamba sehemu inayokumbukwa zaidi katika *Shane* haina hata risasi moja. Katika shamba la Joe Starrett pana kisiki kikubwa kilichomshinda mwenyewe kwa muda mrefu. Mchuuzi mmoja anakuja na chombo kipya cha kulimia, anataka kumtoza Starrett bei iliyopanda mno. Shane anaitaja bei ya haki. Mchuuzi anamtukana mgeni huyo asiyejulikana, lakini Starrett analishika neno la mgeni. Shane hasemi asante. Anachukua shoka, anakwenda kwenye kisiki, anaanza kukata mizizi. Starrett anamtazama, kisha naye anachukua shoka lake. Wanakata mpaka kisiki kinang'oka. Marian, mke wa Starrett, anashughulika kuwatazama mpaka chakula alichokuwa akikioka kinaungua, naye kwa ukaidi uleule wa wanaume wale anaoka kingine.

Tukio hilo ni dogo sana, na ndani yake umefungwa mkataba mzima wa kibinadamu. Deni la heshima limelipwa kwa jasho, bila ya neno. Urafiki umezaliwa, na pia hatari imezaliwa, kwa kuwa mke ameona katika mgeni jambo ambalo hatalisema. Mtunzi hakuyaeleza haya. Ameeleza shoka, mizizi na harufu ya chakula kinachoungua. Msomaji aliyelelewa katika jamii ambamo mgeni huheshimiwa siku ya kwanza na ya pili, na siku ya tatu hupewa jembe, hahitaji kufafanuliwa maana ya kisiki hicho. Shane hakungoja siku ya tatu.

Raha ya tatu ni ya kungoja. Bastola ya Shane imefungwa ndani ya blanketi, naye hutembea bila silaha. Msomaji anajua kwamba itafunguliwa, maana asingekionunua kitabu kama angedhani vinginevyo. Ufundi wa Schaefer umo katika kuichelewesha. Kijana mmoja wa Fletcher, jina lake Chris, anamchokoza Shane katika kilabu cha pombe, na Shane anaondoka bila ya kupigana. Aibu inawaangukia wakulima wote. Anaporudi siku nyingine, anapigana kwa mikono na kumvunja Chris mkono. Baadaye inabidi kupigana na wengi. Ni baada ya Fletcher kumleta Stark Wilson, muuaji wa kukodiwa, na Wilson kumuua mkulima mmoja, ndipo blanketi linapofunguliwa. Kila ngazi imepandwa kwa kusitasita. Kwa hiyo bastola inapolia haileti furaha tupu. Inaleta pia huzuni, kwa kuwa kila aliyeipenda familia ile anajua kwamba baada ya mlio huo Shane hawezi kubaki. Anawaua Wilson na Fletcher, anajeruhiwa, anaondoka.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yote yanajulikana tangu mwanzo, na kwamba sanaa inayojulikana mwisho wake ni sanaa duni. Hoja hiyo haiwezi kusimama mbele ya fasihi simulizi. Bibi anaposimulia ngano ya sungura na fisi, hakuna mtoto asiyejua nani atadanganywa. Watoto hawaulizi mwisho, wanasikiliza jinsi. Wanataka kusikia safari hii sungura atatumia maneno gani, na fisi ataingia mtegoni kwa mguu upi. Msimulizi akibadilisha mwisho, watamkatalia. Riwaya fupi ya kauboi inasomwa kwa masikio hayohayo. Ni ngano ya jamii ya viwanda, iliyopigwa chapa na kuuzwa, lakini mkataba kati ya msimulizi na hadhira yake ni ule wa zamani.

Hata mwisho wa *Shane* unaufuata ufundi huu wa vitu. Starrett, akiwa amevunjika moyo, anataka kulihama bonde. Marian anamwonyesha nguzo za ua ambazo Shane alizisimamisha. Starrett anajaribu kuing'oa nguzo, anashindwa, na kwa kushindwa huko anaamua kubaki. Kisiki kiling'olewa, nguzo haing'oki. Kitabu kimejifunga chenyewe kwa vipande viwili vya mti.

Hesabu Isiyotajwa

Lakini nguzo ile imesimama juu ya ardhi ya nani? Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuanza kuuliza, na kitabu chenyewe kinatoa mlango wa kuingilia. Fletcher hagombani na wakulima kwa uovu wa tabia peke yake. Anataka bonde zima kwa sababu anatafuta kandarasi ya kumuuzia serikali nyama ya ng'ombe, na nyama hiyo ni ya kulishia watu waliowekwa katika hifadhi ya Wasioux huko Standing Rock. Habari hiyo imetajwa kwa kupita, kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Hata hivyo ndiyo sababu ya mgogoro wote. Pasipo kandarasi, Fletcher asingehitaji malisho zaidi. Pasipo haja ya malisho, Wilson asingeletwa. Pasipo Wilson, blanketi lingebaki limefungwa.

Wenyeji asilia wa nchi ile hawaonekani katika *Shane*. Wapo upande wa pili wa kandarasi, kama midomo ya kulishwa. Kwa nini walihitaji kulishwa, kitabu hakisemi. Historia inasema. Nyati waliokuwa chakula chao walikwisha kuteketezwa na wawindaji wa biashara. Machi 1889, miezi michache kabla Shane hajatokea katika bonde la hadithi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuigawa hifadhi kuu ya Wasioux katika vipande sita, Standing Rock ikiwa kimojawapo, na kuacha ekari kiasi cha milioni 9 zichukuliwe na walowezi. Kiangazi hichohicho tume ya serikali, akiwamo Jenerali George Crook, ilikuwa ikizunguka kutafuta saini za wenyeji. Mara baada ya saini kupatikana, mgawo wa nyama katika baadhi ya hifadhi ulipunguzwa. Desemba 15, 1890, Sitting Bull aliuawa nyumbani kwake Standing Rock. Wiki mbili baadaye, Desemba 29, askari waliwaua Walakota zaidi ya 150, wanawake na watoto wakiwamo, huko Wounded Knee.

Kiangazi cha kisiki, basi, ni kiangazi cha tume. Joe Starrett ana haki mbele ya Fletcher, na msomaji anafurahi haki hiyo inaposhinda. Lakini hati ya Starrett na kandarasi ya Fletcher zimetoka katika ofisi za serikali moja, kwa mali ya watu walewale. Riwaya imeyapunguza mambo mpaka ugomvi ukabaki baina ya mlowezi mdogo na mlowezi mkubwa, na mwenye nchi akabaki kuwa mnunuliwa nyama. Uchache uliomfurahisha msomaji katika kisiki ndio unaomficha Mlakota. Si hila iliyoongezwa juu ya ufundi. Ni ufundi uleule.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. *The Virginian* imetabarukiwa kwa Theodore Roosevelt, rafiki wa Wister, ambaye alikuwa amefuga ng'ombe huko Dakota katika miaka ya 1880. Roosevelt huyohuyo, baada ya kuondoka katika urais, alishuka Mombasa mwaka 1909, akapanda reli kwenda bara kuwinda, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1910 kuhusu safari hiyo aliwalinganisha walowezi aliowakuta na watu wa magharibi ya Marekani aliowafahamu. Macho yaliyozoea nchi ya kauboi yalipoitazama Kenya yaliona nchi ya kauboi. Wakati huo Wamaasai walikwisha kutia saini mkataba wa mwaka 1904 wa kuachia malisho ya Bonde la Ufa, na mwaka 1911 waliletewa mkataba wa pili wa kuihama Laikipia. Sheria ya ardhi iliyoipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuwauzia walowezi mashamba ilitungwa mwaka 1902, mwaka uleule wa riwaya ya Wister. Mwenye kukumbuka haya hawezi kulisoma neno hifadhi katika *Shane* kama neno la kupita.

Frantz Fanon, katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya nafsi ya mtu mweusi chini ya ukoloni, aliwaeleza watoto wa visiwa vya Antilles ambao wakisoma hadithi za safari na za wavumbuzi hujiona upande wa mzungu anayepambana na washenzi. Onyo hilo ni zito, na haliwezi kupuuzwa kwa kusema kwamba kitabu ni cha kuburudisha tu. Kitabu cha kuburudisha ndicho kinachosomwa pasipo ulinzi. Swali ni moja: je, dawa yake ni kukitupa?

Uchache Unaofungua Daftari

Jibu moja linapatikana ndani ya utanzu wenyewe. *Hombre* ya Elmore Leonard ni fupi kama *Shane*, na vitu vyake ni vichache vilevile: gari la abiria la kukokotwa na farasi, nyika ya Arizona, viriba vya maji, mfuko wa fedha na machimbo yaliyoachwa. Msimulizi ni Carl Allen, karani kijana wa kampuni ya magari hayo, mtu wa kawaida anayeona zaidi ya anavyoelewa. Miongoni mwa abiria yumo John Russell, aliyelelewa na Waapache. Yumo pia Dakta Favor, wakala wa serikali katika hifadhi ya San Carlos, pamoja na mkewe. Abiria waungwana hawapendi kuketi na mtu aliyeishi na Waapache, kwa hiyo Russell anatakiwa apande juu, nje, pamoja na dereva.

Majambazi wanalivamia gari, na hapo inafunuliwa kwamba mfuko wa Dakta Favor umejaa fedha alizoziiba katika fungu la kuwalisha Waapache wa hifadhi yake. Nyama ileile iliyotajwa kwa kupita katika *Shane* imewekwa na Leonard katikati ya meza. Mfuko huo ndio unaowaleta majambazi. Ndio unaomfanya Favor awasaliti wenzake. Ndio unaowekwa katika mizani dhidi ya uhai wa mkewe, majambazi wanapomshika na kumfunga juani ili kuulazimisha mfuko utolewe. Aliyetengwa kwa sababu ya Waapache ndiye anayewaongoza abiria jangwani, akiwapimia maji. Mwishoni ndiye anayeteremka kwenda kumkomboa mwanamke huyo, akijua kwamba hatapanda tena.

Leonard hakukirefusha kitabu ili kuyasema haya. Hakuweka hotuba juu ya dhuluma, wala sura ya historia. Alichukua kitu kimoja, mfuko, akakifanya kibebe hesabu ambayo watunzi wengine waliiacha nje. Msomaji anapata raha zote alizozizoea: kazi inayofanywa kwa ustadi, maji yanayohesabiwa, bastola inayocheleweshwa. Lakini kila raha inapita katika mfuko ule, na hawezi kusahau ni chakula cha nani kilichogeuzwa kuwa fedha.

Hata hivyo haifai kuisifu *Hombre* kupita kiasi. Waapache wenyewe hawasemi katika riwaya hiyo. Wanasemewa na maisha ya mtu waliyemlea. Daftari limefunguliwa, lakini anayelisoma ni mwingine. Huo ni mpaka wa utanzu mzima, au angalau wa sehemu yake iliyotungwa na watu wa upande wa walowezi. *Hondo* ya L'Amour inapiga hatua nyingine kwa kumpa Vittoro, kiongozi wa Waapache, hadhi na neno la heshima, na mhusika mkuu wake amepata kuishi na Waapache na kuoa kwao. Lakini hata hapo mwisho wa kisa ni nyumba ya mlowezi, na kuondoka kwa Waapache katika historia kunaombolezwa kama machweo, kana kwamba hakuna mkono uliolishusha jua.

Somo kwa Wahakiki wa Fasihi Pendwa

Mjadala huu una faida kwa uhakiki wa Kiswahili. Fasihi pendwa ya Kiswahili nayo imeshutumiwa kwa maneno yaleyale: wepesi, mwigo, kujulikana kwa mwisho. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960, alionekana na baadhi ya wahakiki kuwa kivuli cha Sherlock Holmes mwenye kiko chake. *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ilisomwa na wengi na kuhakikiwa kwa kina na wachache. Mara nyingi mhakiki amezipima riwaya hizo kwa swali la ujumbe, na alipokosa ujumbe akatoka mikono mitupu.

Mfano wa *Shane* unaonyesha kwamba swali la ujumbe lingempoteza pia huko. Ujumbe wa *Shane*, ukitolewa na kuwekwa peke yake, ni mzuri na wa haki: mnyonge asimame, mwenye nguvu asidhulumu. Kosa halimo katika ujumbe. Limo katika mpangilio wa vitu: nini kimewekwa mkononi mwa mhusika, na nini kimeachwa upande wa pili wa kandarasi. Ili kuliona, mhakiki hana budi kuufuata ufundi hatua kwa hatua, na hawezi kuufuata kama hakukubali kwanza kwamba unafanya kazi, na kwamba umemfurahisha. Vivyo hivyo kwa riwaya za upelelezi za Kiswahili. Inafaa kuuliza ni kitu gani kinachomwendesha msomaji kutoka ukurasa hadi ukurasa: ni simu, ni gari, ni mzimu, ni urithi? Kitu hicho kimepatikanaje, na kwa jasho la nani? Maswali ya namna hiyo huanzia katika fani na kuishia katika jamii, bila ya kuruka.

Hitimisho

Riwaya fupi ya kauboi ni kazi ya kisanaa yenye nidhamu kubwa, hata pale ilipoandikwa kwa haraka ya kulipa kodi ya nyumba. Nidhamu hiyo ni ya kupunguza, na kila anayepunguza huchagua cha kuacha. Katika *Shane* kilichoachwa ni wenye nchi, nacho kimeacha alama moja tu, kandarasi ya nyama, ambayo msomaji makini anaweza kuishika na kuivuta mpaka historia yote ifuatane nayo. Katika *Hombre* alama hiyohiyo imefanywa kiini, na kitabu hakikupoteza wepesi wake wala mvuto wake. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba ufupi unalazimisha upofu, wala kwamba raha ni adui wa ukweli.

Lililo la lazima ni kwamba vitabu hivi visomwe na watu wanaojua kuhesabu. Mwalimu atakayeiingiza *Shane* katika somo lake la fasihi pendwa hatakuwa amewaharibia wanafunzi muda, mradi awaache kwanza wakifurahie kisiki kwa ukamilifu, kisha awaulize Fletcher alitaka kumuuzia nani ng'ombe wake.